Idhini ya Maandishi

Muhanga alikuwa fundi wa kuchimba mashimo, na Nguchiro alikuwa wakala wa kuwatafutia mafundi kazi. Nguchiro alimletea mkataba wa kuchimba shimo jipya la Ngiri. Muhanga akasaini, akawakatalia wateja wake wengine wote.

Asubuhi ya kuanza kazi, Nguchiro akamwambia, "Ngiri ameghairi. Kazi imefutwa."

"Basi narudi kwa wateja wangu."

"Huwezi, ndugu yangu. Kazi imefutwa, masharti yapo palepale. Msimu huu huchimbi popote bila idhini yangu ya maandishi."

"Yaani kazi huna, na kutafuta nyingine unanikataza?"

"Ndivyo ulivyosaini."

Mvua za masika zilipoanza, shimo la Nguchiro liliporomoka naye yumo ndani. Muhanga alipopita, akasikia sauti ikitoka kwenye upenyo mdogo.

"Muhanga, nifukue, nakosa hewa."

"Siruhusiwi kuchimba."

"Nimekuruhusu."

"Hiyo ni ya mdomo."

"Muhanga, mimi nakufa huku."

Muhanga akakaa chini kando ya upenyo. "Andika, kisha uipenyeze nje niisome. Wala sina haraka, msimu huu sina kazi."