Sahani ya Lodi Wexcombe

Respicius aliketi safu ya mwisho ya ukumbi wa chuo, begi kubwa kati ya miguu yake, na ndani ya begi zilikuwemo sahani kumi na moja zinazofanana. Waliotaka kupita walimwomba alisogeze. Hakulisogeza.

Kule mbele Lucas alikuwa akirekebisha tai. Mezani kwake ililazwa sahani ya kumi na mbili, juu ya kitambaa cheusi.

Tabasamu, bwana mdogo, Respicius alisema moyoni. Tabasamu sasa hivi, kabla hujalia.

Alikuwa amemsoma Lodi Wexcombe kwenye nyaraka za kale kwa miaka mitatu, akamjua kuliko alivyowajua wajomba zake. Alijua jinsi lodi huyo alivyoingia Bunge la Uingereza akiwa kijana wa miaka ishirini na moja, kwenye kiti alichokirithi kama watu wa Bukoba wanavyorithi shamba la migomba. Alijua jinsi alivyosimama bungeni, akafuta machozi, akaapa kwamba mkono wake haujagusa hata senti ya biashara ya watumwa. Dunia ilimwamini zaidi ya miaka mia mbili. Respicius ndiye aliyegundua kwamba mzee alikuwa na hisa katika meli tatu za watumwa, kwa jina la mkwewe.

Kosa lake lilikuwa kumsimulia Lucas, wakila ugali chumbani kwao, mtaa wa Sanyuanli, Guangzhou. Mwezi haukuisha, Lucas akasimama katika ukumbi huuhuu akayasema yote kama yake. Nafasi ya masomo ya uzamivu ilikuwa moja tu, Profesa Liang akampa yeye. Respicius akabaki soko la Zhanxi, akiwatafsiria wafanyabiashara bei za viatu.

Hakugombana, wala hakuhama chumba. Alikula na Lucas, akacheka naye, na kila siku alimchukia upya.

Zamani za lodi, wakubwa wa Uingereza waliagiza vyombo vya mezani huku huku Guangzhou, vikiwa vimechorwa nembo za koo zao. Basi Respicius akachora sahani: nembo ya Wexcombe, na chini yake Mwafrika amepiga magoti, minyororo mikononi. Uongo mtupu, lakini uongo mtamu. Dada Domina, mfanyabiashara wa vyombo kutoka Bukoba, akampeleka karakana anakonunua bidhaa zake.

"Moja?" Laoban, mwenye karakana, alicheka. "Meiyou, meiyou!"

"Hapa moja hawatengenezi, mdogo wangu," Domina alisema. "Wanaanzia dazeni. Sasa hizo nyingine za nini?"

"Za kumvua mtu nguo hadharani."

Domina alimtazama sana. "Haya. Ila mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo."

Sahani moja Respicius aliichemsha na majani ya chai, akaisugua kwa majivu mpaka ikazeeka. Kisha akaiacha mezani chumbani, kama mtu aliyesahau.

Lucas alipoiona, aliketi kitandani. "Kaka, hii umeipata wapi?"

"Kwa bibi mmoja anayeuza vitu vya kale. Usimwambie mtu."

"Utampelekea lini Profesa Liang?"

"Mimi? Nani atamsikiliza mkalimani wa viatu?"

Lucas aliigeuza sahani mikononi. "Niazime," alisema. "Na Jumamosi usikose mhadhara wangu ukumbini, kaka. Uvae suti."

Uvae suti! Mwizi anakualika ukale kuku wako mwenyewe, na nguo anakuchagulia. Respicius alikaribia kupasuka kwa hasira. Akaifunga sahani vizuri, akampa.

Mpango ulikuwa rahisi. Lucas aisifie, maprofesa washangae, halafu yeye aende mbele na kuzipanga zile kumi na moja mezani, mojamoja, kama mchuuzi wa vyombo. Aone atakayemtazama Lucas tena usoni.

Lucas akashika kipaza sauti. Akaeleza nembo, akaeleza minyororo. Watu waliinuka vitini ili waone vizuri. Profesa Liang alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Respicius alishika zipu ya begi.

"Lakini sahani hii si yangu," Lucas alisema.

Respicius akaiachia zipu.

"Hata zile hisa za meli nilizozieleza hapa mwaka jana, sikuzigundua mimi. Niliiba kazi ya kaka yangu, nikapewa nafasi yake, na tangu siku ile sijala nikashiba. Jana nilimweleza Profesa kila kitu. Nafasi nimeiacha. Mwenyewe yuko pale nyuma, amevaa suti."

Profesa Liang alisimama. "Nafasi ni yako, Bwana Respicius," alisema. "Njoo mbele, utueleze wewe mwenyewe ulivyoipata sahani hii."

Ukumbi mzima uligeuka nyuma ukapiga makofi. Respicius hakuinuka. Alipotazama juu, Lucas alikuwa ameshafika mbele yake, macho mekundu, ameinama kama mdogo mtu anavyomwinamia mkubwa wake.

Makofi yakatulia, watu wakangoja.

"Lete nikubebee, kaka," Lucas alisema, akaliinua begi, na kila mtu akasikia sahani zikigongana.