Karatasi Juani

Asubuhi hiyo Mwanakombo alitandika jamvi uani, pale anapoanikia muhogo, akapanga juu yake karatasi za bintiye. Kesho mkaguzi angekuja kutazama faili la mwaka mzima la mtoto anayesomeshwa nyumbani. Karatasi zote ziliandikwa wiki hii, ingawa tarehe zake zilianzia Januari, na zilikuwa nyeupe mno. Jua lingezichakaza kidogo.

"Unaanika nini leo, shoga?" jirani aliuliza, akichungulia juu ya ukuta.

"Zimelowa," alijibu bila kuinua uso.

Salha, bintiye, alichuchumaa pembeni akifukuza kuku, mara akizigeuza karatasi mojamoja, kama alivyofunzwa kugeuza muhogo. Mwanakombo aliitazama bidii ile, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Adhuhuri alipokuja kuzianua, mtoto alimshika mkono.

"Hizi za mwezi uliopita toa, mama. Ila hii ya Januari bado. Tuiache mpaka jioni."

Mwanakombo akabaki ameinama. Upepo uliinua ncha ya karatasi. Salha akaokota kijiwe, akaikandamiza vizuri.