Fuko na Ramani ya Kilima

Kilima kilikuwa kimoja, wachimbaji wengi, na kila mmoja alijua shimo lake tu. Masika yalipokaribia, Mhanga akawaita. "Kila mtu aseme kwake kuna udongo gani. Tuchore ramani, tujue maji tuyapitishe wapi."

Fuko akashuku. Leo wanataka udongo, kesho watataka chumba. Nungunungu alipotaja mashimo yake yote, hata la mkewe kujifungulia, Fuko akazidi kushuku: mtu hatoi siri zake bure.

"Na mteremkoni kwako, ndugu Fuko?"

"Mwamba mtupu. Ukucha hauingii," Fuko akasema, akificha makucha yenye udongo laini.

Mhanga akachora, akashukuru. Hata shukrani ile Fuko hakuiamini.

Mvua zilipoanza, alikaa mlangoni akivizia wezi. Yakaja maji, yamenyooka na mfereji mpya mpaka ndani. Akatoka mbio, amelowa chepechepe, akamvaa Mhanga.

"Nani kawaambia mnielekezee maji?"

"Wewe," Mhanga akasema, akimwonyesha ramani. "Tulitafuta mahali pasipomomonyoka. Kilima kizima, mwamba tuliupata kwako tu."

Nungunungu akamkaribisha kwenye chumba kikavu cha mkewe. Fuko akasimama mlangoni, anatetemeka, akauliza, "Mnataka nini kwangu?"