Herufi za Mchanga

Direkta aliingia darasa la kwanza bila kupiga hodi, akanyoosha mkono.

"Madamu Benite, lete hiyo telefone. Wazazi wanasema unaichezea saa za kazi."

Benite alimpa. Kwenye kioo kulikuwa na masomo ya watoto wadogo: picha, herufi, michezo ya sauti.

"Hii masomo iko bure, Direkta. Kuna walimu waliitengeneza, wakaiachia kila mutu kwenye interneti. Mi sina mashine ya kuchapa, basi ninakopi kwa mkono."

Ndipo Direkta alipoziona kadi. Zilikuwa zaidi ya mia, zimekatwa kutoka maboksi ya sabuni. Kila herufi ilichorwa kwa gundi, kisha ikamwagiwa mchanga wa ziwani ili kidole kiisikie.

Kwenye benchi la mbele, msichana aliyetoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, alikuwa amefumba macho. Alikuwa anarudia darasa, na Direkta mwenyewe alishaandika kwamba mtoto huyu hafundishiki. Kidole chake kilipita taratibu juu ya mchanga wa kadi zilizopangwa neno la Kirundi.

"I... n... ka. Inka!" Akafumbua macho, akaruka. "Ni ng'ombe, Madamu! Ni ng'ombe!"

Watoto themanini wakapiga makofi.

Direkta akakaa kando ya msichana kwenye kile kibenchi, magoti yakamfika kifuani. Akachukua kadi moja, akapitisha kidole juu ya mchanga wake. Kisha akamrudishia Benite simu.

"Kesho ninaita walimu wote, uwaonyeshe," alisema. "Lakini leo, Madamu, anza na mi."