Kibuyu cha Mama Mkwe

Wanyama walikuwa na ghala moja la mbegu, na mlinzi wake alikuwa Kindi, aliyejivunia macho yake makali. Kila mbegu ngeni aliipanda kwanza pembeni, akayakagua majani msimu mzima, ndipo akaiingiza ndani.

Siku moja Kanga alileta mtama kutoka mbali.

"Punje hii ina doa," Kindi akasema. "Rudi nazo zote."

"Ni vumbi tu, bwana! Zipande pembeni uone."

"Doa ni doa. Hata wewe mwenyewe una madoa!"

Wote wakacheka. Kanga akajitwika mzigo wake, akaondoka.

Kesho yake akaja mama mkwe wa Kindi na kibuyu cha mtama. Kindi alisikia harufu ya ukungu, akasita. Lakini zawadi ya mkwe haikaguliwi mbele yake. Akaipokea kwa mikono miwili, akaimimina kwenye mtama wa wote.

"Ahsante, mama."

"Mkwe wangu ana adabu, jamani!"

Masika yalipokwisha, mashamba yote yalitoa masuke meusi, yaliyomwaga unga kama masizi yalipoguswa. Kindi akamkimbilia Kanga.

"Dada, zile mbegu zako bado unazo?"

"Zile ulizonirudishia?" Kanga akauliza taratibu. "Tulizila njiani. Wanangu walikuwa na njaa, na mlinzi alishasema hazifai kupandwa."

Kindi akaitazama mikono yake miwili. Ilikuwa myeusi mpaka viwikoni.