Hadubini za Kampuni

Kampuni ya saruji ilipoipa shule hadubini kumi, Mwalimu Nasoro alikabidhiwa ufunguo wa kabati, naye akautunza kama mboni ya jicho lake. Miaka sita mfululizo wageni wa kampuni walirudi kupiga picha, wakazikuta mpya vilevile, ndani ya nailoni zake. "Hongera, Mwalimu!" Wanafunzi walipoomba kuzitumia, aliwachorea ubaoni kile ambacho wangekiona. Zikivunjika, aliwaambia, nani atatuletea nyingine?

Asubuhi ya mtihani wa taifa wa vitendo hakuwa na budi kuzitoa. Alichana nailoni kwa wembe, akaweka utando wa kitunguu chini ya kila hadubini. Swali lilikuwa moja: chora unachokiona.

Zamda, binti aliyeziomba tangu kidato cha kwanza, aliinua kichwa.

"Samahani, Mwalimu. Kitunguu kina nyuzi hivi?"

"Chora unachokiona," alimjibu, maana sheria ya mtihani haikumruhusu kusema zaidi.

Alipokusanya karatasi, hakuona popote zile seli za kitunguu zilizopangana kama matofali. Kila karatasi ilijaa nyuzi nyembamba, zimetambaa kama mizizi. Akainama, akachungulia mwenyewe. Kuvu ilikuwa imeota ndani ya vioo vya hadubini, kwa unyevu uliofungiwa na nailoni. Akahamia hadubini ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi.

Wenzake walikwisha kutoka; Zamda alikuwa amesimama mlangoni, penseli mkononi.

"Nimepatia, Mwalimu?"

Nasoro hakuliondoa jicho lake kwenye hadubini.