Kiganja Ukutani

Orrin alikandamiza donge la saruji ya kuganda haraka kwenye upenyo uliozunguka bomba la maji machafu, akalishikilia kwa kiganja. Kila theluji ilipoyeyuka, maji ya ardhini yalipita hapohapo na kutuloweshea chumba cha chini ya ardhi. Safari hii saruji ilipata moto mkononi mwake, ikaganda, na maji yakakatika.

"Mke wangu, njoo uone! Si ulisema nimuite fundi?"

Nilishuka na ndoo, nikasikiliza. Hakukuwa na hata tone. Ndipo chupa zangu za achari zikaanza kugongana zenyewe kwenye rafu.

Nikamulika ukuta kwa tochi. Kiungo kimoja cha matofali kilikuwa kimefunguka kutoka kona hadi kona. Nikapima kwa ukucha, ukaingia. Nikapima tena, kikaingia kidole.

"Orrin, maji yamejaa nyuma ya ukuta na umeyazibia njia. Litoboe hilo donge."

"Nilitoboe? Miaka mitatu nahangaika na tundu hili!"

"Ukuta unatujia. Toa mkono."

"Sitoi. Unasikia vitu vyako tu, kama kawaida yako."

Nikaokota nyundo yake sakafuni. Akaitazama, akanitazama, akakibana kiganja zaidi juu ya saruji.

"We! Utanivunja vidole!"

"Nahesabu mpaka tatu," nikamwambia. "Moja."

Chupa ya kwanza ikaanguka na kupasuka.

Mbili sikuitaja; nikaishusha nyundo.